Maji ya hoteli ndani ya nyumba ya mawe

Chukua jumba moja la ghorofa pale Mtaa wa India, Bagamoyo, lililojaa popo juu na mbuzi chini, ulipe vyumba kumi vya wageni. Kila chumba walale watu wawili, na kila mmoja aoge dakika kumi tu kwa siku chini ya bomba linalomwaga lita kumi kwa dakika. Hizo ni lita 2,000, yaani tani mbili za maji, zinazopandishwa juu, kuzungushwa ndani ya nyumba na kushushwa tena kila siku iendayo kwa Mungu, kabla hujafua shuka hata moja. Waliojenga jumba hilo walikuwa na mtungi, kata, na choo kimoja uani.

Kila ninapokutana na mtu mwenye ndoto ya kugeuza nyumba ya kale kuwa hoteli, hunieleza habari za mlango wa nakshi, vitanda vya samadari na taa za vioo vya rangi atakazotundika. Mimi humuuliza bomba litapita wapi. Wengi huona namchelewesha.

Nyumba zenyewe tumebaki nazo kwa sababu mji ulifilisika. Bagamoyo ilikuwa mdomo wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora, na wafanyabiashara kama Sewa Haji Paroo, aliyefariki 1897, walitajirika kwa kuwatafutia wasafiri wapagazi na kuwauzia bidhaa za safari. Chini palikuwa duka na ghala, juu wakaishi watu. Wajerumani waliufanya mji makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam kwenye bandari ya kina. Reli nazo zikaanzia kwingine: ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ya kati ikaanzia Dar es Salaam 1905. Misafara ikafa, fedha ikahama, na mji usio na fedha haubomoi nyumba zake ili ujenge mpya. Zikakaa bila matengenezo, ndiyo, lakini zikakaa pia bila saruji.

Hapo kwenye saruji ndipo pa kuelewa vizuri, maana asiyepaelewa huharibu nyumba kwa nia njema na kwa gharama kubwa.

Ukuta unaokunywa na kutoa jasho

Ukuta wa nyumba ya mawe una ngozi mbili za matumbawe, ya nje na ya ndani, na katikati umejazwa vipande vidogo, udongo na chokaa. Unene wake hufika nusu mita na kuzidi. Jiwe la matumbawe ukilivunja lina vitundu kama mkate wa kumimina. Chini ya msingi hakuna nailoni wala lami ya kuzuia unyevu, kwa hiyo maji ya ardhini hupanda ukutani kama mafuta yanavyopanda utambi wa koroboi. Hayo si makosa ya ujenzi. Mafundi wale walijua maji yatapanda, wakayaachia njia ya kutoka: lipu ya chokaa na rangi ya chokaa, ambazo zote hupitisha mvuke. Upepo wa matlai ukipuliza, ukuta unatoa jasho, unakauka. Masika yakija unakunywa tena.

Mjomba wangu alipopata hela kidogo alikarabati nyumba ya babu yao upande wa Dunda. Akaipiga lipu ya saruji ndani na nje, akapaka rangi ya mafuta ya kijani hadi kimo cha kifua, juu nyeupe ya plastiki. Ilipendeza, hatukatai. Masika ya kwanza yakapita, ya pili yakapita. Ya tatu rangi ikaanza kuvimba kama ngozi iliyoungua, halafu lipu ikaanguka vipandevipande, na kila kipande kikaondoka na uso wa jiwe. Alama ya maji, ambayo zamani ilikuwa kwenye kifundo cha mguu, ilikuwa imepanda hadi kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Fundi mwashi mmoja mzee aliyekuja kutazama alicheka kwanza, kisha akasema: “Mzee mwenzangu, umeivika nyumba nailoni, halafu unashangaa inatoka jasho?”

Kilichotokea ni hiki. Saruji ni ngumu na imeshikana, hivyo maji yaliyokuwa yakitoka usoni mwa ukuta yakakosa njia. Yakaendelea kupanda ndani kwa ndani yakitafuta pa kutokea. Matumbawe yametoka baharini, yana chumvi, na ardhi ya ufukweni ina chumvi pia. Maji huyeyusha chumvi hiyo na kuibeba. Maji yanapokauka nyuma ya lipu, chumvi inabaki, inakua kuwa fuwele, na fuwele zinasukuma. Ndizo zinazobandua lipu pamoja na uso wa jiwe. Mwenye nyumba akiona hivyo huita fundi aongeze saruji, na safari hii yenye dawa ya kuzuia maji. Maji yanapanda zaidi, yanafika kwenye ncha za boriti zilizochimbiwa ukutani, na sasa tatizo la rangi limekuwa tatizo la dari.

Chokaa inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa, na mimi huona ni jambo la ajabu kidogo kila nikilifikiria. Jiwe la chokaa au tumbawe likichomwa kwenye tanuri hadi joto la nyuzi 900 hivi, linatoa gesi ya kaboni na kupungua uzito: kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56. Ukilimwagia maji linachemka na kusambaratika kuwa unga au uji mweupe; ndiyo kuizima chokaa, na ndiyo maana fundi wa chokaa hulinda macho yake kabla ya kitu chochote. Uji huo ukichanganywa na mchanga na kupigwa ukutani, taratibu unavuta ile gesi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Ukuta unamaliza safari aliyoianza tumbawe, lakini kwa haraka yake mwenyewe: lipu nene huchukua miezi kukomaa hadi ndani. Mkandarasi aliyezoea saruji, anayetaka kupaka rangi Jumatatu ijayo, haivumilii.

Kwa kazi ya hoteli, uwiano wa kawaida ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Mchanga uwe wa mtoni na uoshwe. Wa ufukweni unaleta chumvi uliyokuwa unaikimbia. Sehemu zenye majimaji huongezwa unga wa matofali ya kuchoma, unaosaidia chokaa kushika hata mahali pasipokauka. Lipu mpya ifunikwe kwa magunia ya katani yaliyoloweshwa, isikauke kwa jua kabla haijapata muda wa kuvuta hewa. Na chokaa yenyewe itoke wapi? Kuvunja matumbawe baharini siku hizi ni marufuku, na ni haki. Lakini Tanga ina mawe ya chokaa tele, yaleyale yaliyotobolewa na maji yakawa mapango ya Amboni, na chokaa huchomwa huko. Tahadhari moja tu: unga mweupe unaouzwa kwa ajili ya mashamba mara nyingi ni jiwe lililosagwa bila kuchomwa. Unafaa kupunguza tindikali ya udongo. Ukutani haushiki kitu.

Hoteli ijifiche uani

Sasa rudi kwenye zile lita 2,000. Njia rahisi, na ndiyo wengi wanayoifuata, ni kukata kona ya kila chumba, kujenga bafu la tofali juu ya sakafu ya boriti, kuchimba mifereji ukutani na kuficha mabomba. Kila neno katika sentensi hiyo ni hasara. Mfereji unaochimbwa kwa kulala unakata ngozi ya ukuta uliojazwa vipande, na ukuta wa namna hiyo hausimami vizuri ukiwa na ngozi nusu. Bomba lililofichwa likianza kuvuja hakuna atakayeliona. Utaliona baada ya miezi sita kama doa kwenye chumba cha chini. Na bafu juu ya boriti ni bafu juu ya mti.

Boriti hizo ni mikoko, mikandaa na jamaa zake, na urefu wao ndio uliopanga nyumba nzima. Chumba cha nyumba ya mawe ni kirefu lakini chembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, kwa kuwa boriti haikuruhusu zaidi. Juu ya boriti huja vipande vya matumbawe, kisha chokaa nzito, ambayo watu waliipigapiga kwa fimbo siku kadhaa huku wakiimba mpaka ishikane. Sakafu hiyo ikiwa kavu inavumilia vizazi. Ikipata maji, ncha za boriti zinaoza ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki, na mchwa hufuata unyevu kama nzi anavyofuata kidonda. Fundi wa zamani hupima kwa msumari: anachoma ncha ya kila boriti pale inapoingia ukutani, akisikiliza.

Wengine hukimbilia kung'oa boriti zote na kumwaga zege lenye nondo. Zege lenyewe sina ugomvi nalo, lakini ndani ya ukuta wa matumbawe nondo linakaa jirani na chumvi. Chuma kikipata kutu kinavimba, kinalipasua zege kutoka ndani, na kwa vile zege lile limechimbiwa ukutani pande zote, linaondoka na ukuta. Afadhali kubadilisha boriti zilizokufa moja moja, kwa mikoko iliyovunwa kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, au kwa mbao ngumu iliyotiwa dawa, na kuacha nzima zilizo nzima.

Basi mabafu yaende wapi? Uani. Nyumba karibu zote za aina hii zina ua au behewa nyuma, na huko ndiko kwenye nafasi. Ujenge kiunzi kipya kinachosimama kwa miguu yake, kando ya ukuta wa nyuma, kikigusa nyumba ya kale kwenye milango tu. Humo ndani weka mabafu, moja juu ya jingine, ili mabomba yashuke kwa mstari mmoja ulionyooka na yaonekane. Humo humo weka ngazi ya pili, kwa sababu ngazi ya asili ni moja, nyembamba na kali, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji halitaridhika nayo kwa wageni waliolala. Tangi la maji lisikae juu ya paa la zamani hata kidogo: lita 1,000 ni tani moja, imesimama sehemu moja, usiku na mchana. Lijengewe mnara wake. Shimo la maji taka liende mbali na msingi na mbali zaidi na kisima.

Faida nyingine ya mpango huu ni kwamba siku hoteli ikishindwa, na nyingi hushindwa, kiunzi kinaweza kuondolewa na nyumba ikabaki kama ilivyokuwa. Wahifadhi wa majengo wamekuwa wakihimiza jambo hilo kwa miaka mingi: kipya kisijifanye cha kale, na kiweze kutoka.

Bei yake ni idadi ya vyumba. Jumba ambalo mwekezaji alilihesabia vyumba kumi litatoa sita, pengine saba. Atasema hesabu hailipi. Atataka kuvunja ukuta wa katikati aunganishe vyumba viwili vyembamba kimoja kipana cha kifahari. Ukuta huo ndio unaobeba boriti za pande zote mbili. Kama hesabu hailipi kwa vyumba sita, basi nyumba hiyo haifai kuwa hoteli. Inaweza kuwa mkahawa, ofisi, au duka la vitabu lenye kahawa. Mgahawa unahitaji maji mahali pamoja tu.

Baridi ya kununua

Kiyoyozi nacho ni habari ya maji, ingawa haionekani hivyo. Pwani yetu, hewa ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, mvuke wake hugeuka maji kwenye kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini ya hapo. Toa chupa kwenye friji uiweke barazani utaona. Mgeni akiweka kiyoyozi nyuzi 18 usiku kucha, ukuta wa chumba chake unakuwa ile chupa: mvuke unaotoka nje au kwenye ukumbi unakutana na ukuta baridi na kuwa maji, mengine ndani ya ukuta wenyewe. Ongeza kimrija cha kiyoyozi kinachodondosha lita kadhaa kwa usiku mmoja, mara nyingi moja kwa moja kwenye ukuta wa nje, na umepata doa la kijani linaloshuka hadi barabarani. Tembea mji wowote wa kale wa pwani utayahesabu.

Nyumba ilikuwa na mpango wake wa baridi: kuta nene, dari ndefu, madirisha ya mbao yanayotazamana ili upepo upite, kaskazi miezi fulani na kusi miezi mingine. Ukiziba madirisha kwa vioo ili kiyoyozi kifanye kazi, umeua mpango wa kwanza ili ulipie wa pili. Kwa maoni yangu, feni nzuri, chandarua na madirisha yanayofunguka vinatosha kwa wageni wengi wanaochagua kulala Bagamoyo badala ya Dar es Salaam. Asiyeweza kulala bila kiyoyozi apewe vyumba viwili vya juu, kimewekwa nyuzi 26, mrija umefikishwa hadi kwenye mfereji.

Karatasi na warithi

Kabla ya fundi kugusa mwiko kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Sura ya 333, inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Mwaka huo unashangaza wengi, maana majumba mengi ya Bagamoyo, pamoja na Boma la Wajerumani lililokamilika 1897, ni ya baadaye. Hayo hulindwa kwa kutangazwa, na ndiyo sababu uulize mapema kama nyumba yako imo ndani ya eneo lililotangazwa, badala ya kuhesabu umri wake kwa vidole. Milango ina kanuni yake: iliyochongwa kwa mtindo wa kiafrika au wa mashariki kabla ya 1940 ni kitu kilicholindwa, hata kama nyumba yenyewe ni gofu. Huwezi kuung'oa mlango wa bibi ukampelekea mnunuzi mjini bila kibali. Na ukichimba shimo la maji taka uani ukakuta vigae vya zamani au mifupa, unapaswa kutoa taarifa. Katika Bagamoyo hilo si jambo la kufikirika.

Kibali cha Mambo ya Kale hakifuti kibali cha ujenzi cha halmashauri, na vyote viwili havifuti leseni za utalii na ukaguzi wa zimamoto. Ofisi hizo hazitazami kitu kimoja. Mmoja anataka ngazi isiguswe, mwingine anataka ipanuliwe. Ngazi ya pili uani huwapatanisha, kama nilivyosema.

Lakini makaratasi ni mepesi ukilinganisha na mirathi. Nyumba ya mawe aliijenga mmoja; leo ina warithi thelathini, huyu yuko Kariakoo, yule Muscat, wengine hawajuani. Hakuna mwenye uchungu wa kutosha kuikarabati peke yake na hakuna asiyetaka sehemu yake ikiuzwa. Mwekezaji wa kigeni naye hawezi kumiliki ardhi hapa kama raia. Sheria ya Ardhi ya 1999 humpa haki ya muda kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo njia inayofaa pande zote ni familia kubaki na nyumba na kukodisha kwa miaka mingi, huku mkataba ukitaja vifaa kwa majina: lipu ya chokaa, mabomba ya wazi, hakuna kukata ukuta. Nimeona mikataba yenye kurasa nzima za kugawana faida na mstari mmoja tu kuhusu matengenezo, “kwa kiwango kizuri”. Lipu ya saruji ni kiwango kizuri machoni pa watu wengi.

Kazi yenyewe ianze kwa kuegemeza nyumba na kumleta mhandisi. Beit el Ajaib, jumba la sultani kule Unguja lililojengwa 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakafa. Nyumba ya kale huwa imeshazoea ufa wake. Ukiondoa kitu kimoja, uzito unatafuta njia nyingine siku hiyo hiyo. Na jambo hili linawezekana, tena karibu nasi. Posta ya zamani ya Bagamoyo imeshakuwa hoteli, na kule Unguja jengo la zamani la simu za ng'ambo limelaza wageni tangu miaka ya 1990.

Nyumba ya mjomba bado si hoteli. Amekubali kwanza kuibandua saruji yote, kuanzia chini hadi kimo cha kifua, ndani na nje, na kuuacha ukuta wazi kabla ya kupiga chokaa. Majirani wanampa pole, wakidhani fedha zimemwishia. Ukuta wa nusu mita hukauka kwa miezi mingi, na huu umepita kaskazi moja tu. Kila Ijumaa baada ya swala anachora alama ya penseli pale unyevu ulipofika. Alama ya juu iko chini ya zidaka. Ya mwisho iko kwenye goti.